Rosa Mistika: kitabu kilichozuiwa shuleni, na kwa nini mzazi wa Singida akisome leo

Kila tunapogusa habari za vitabu katika kipindi cha jioni, swali moja hurudi: kitabu kinachoeleza maisha ya msichana aliyepotea njia kina faida gani kwa binti anayesoma? Wapo wanaosema kitamfundisha mabaya. Wapo wanaosema afadhali ayajue mapema kabla hayajamkuta.

Swali hili si geni. Liliulizwa hapa nchini zaidi ya miaka 50 iliyopita, kilipotoka kitabu kimoja cha Kiswahili kilichopendwa sana na wasomaji, kisha kikazuiwa kutumika madarasani. Kitabu hicho ni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi.

Katika makala hii tunaeleza kitabu hicho kinasema nini, kwa nini kilizuiwa, na kwa nini tunadhani mzazi au mlezi wa mkoa wetu angefaidika kukisoma, hasa mwenye binti wa sekondari. Tunatanguliza jambo moja: tutasimulia kisa mpaka mwisho wake, na mwisho wake unahuzunisha.

Mwandishi ni nani?

Euphrase Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Kwa msikilizaji wa kwetu, kufika huko ni kushika barabara ya Shelui, kupita Nzega na Shinyanga hadi Mwanza, kisha kupanda meli hadi Nansio.

Alisoma seminari, baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rosa Mistika ilichapishwa mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 27 tu. Hiyo ndiyo ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Aliandika nyingine baadaye: Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Mwaka 1974 alitoa pia Kichomi, kitabu cha mashairi yasiyofuata vina na mizani, na kikazua mabishano makubwa kati ya washairi wa Kiswahili.

Alipata shahada ya uzamivu Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, kisha akaenda kufundisha Botswana. Alifariki dunia Januari 2020. Hadi leo anahesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Kiswahili waliopata kuishi.

Jina la kitabu nalo lina maana yake. Wakatoliki wanaosali litania ya Bikira Maria wanalifahamu: Rosa Mistika ni maneno ya Kilatini yenye maana ya waridi la fumbo, moja ya majina ya heshima ya Mama wa Yesu. Kezilahabi alimpa jina hilo la usafi binti ambaye jamii yake ingekuja kumwita mchafu. Toka kwenye jalada tayari anatuuliza: huyu mnayemwita hivyo, ni nani hasa?

Kisa chenyewe

Rosa ni mtoto wa kwanza katika nyumba yenye mabinti kadhaa, huko huko Namagondo. Mama yake, Regina, ni mchapakazi na mvumilivu. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali. Kwa Zakaria, kulea mabinti ni kuwalinda wasionekane na wavulana, na ulinzi wake ni fimbo.

Siku moja Zakaria anagundua kwamba Rosa amepata barua kutoka kwa kijana anayeitwa Charles. Ni barua ya mapenzi ya vijana, ya aina ambayo wengi wetu tuliwahi kuiandika au kuipokea tukiwa shuleni. Rosa hajafanya lolote zaidi ya kuipokea na kuificha. Zakaria hamuulizi. Anampiga vibaya.

Baada ya hapo Rosa anakuwa mwoga wa wavulana. Majirani wangeweza kusema Zakaria amefaulu: binti ametulia, haongei na mwanaume yeyote. Kisha Rosa anafaulu kwenda sekondari ya wasichana ya bweni huko Mwanza. Fimbo ya baba imebaki kisiwani. Hana mtu wa kumwogopa tena, na hakuna aliyewahi kukaa naye kumweleza mwanaume ni nani, mapenzi ni nini, na mwili wake unabadilikaje. Anachokijua ni woga, na woga umekwisha.

Hapo ndipo Rosa anapoanza kubadilika. Anajifunza kutoka kwa wenzake na kutoka kwa wanaume wenye fedha na vyeo. Anakuwa mjuzi wa kudanganya na hodari wa kuwachezea wanaume, kama wao wanavyomchezea yeye. Kezilahabi hamfichi. Haoneshi msichana mwema aliyeonewa kila hatua. Rosa anachagua, na mara nyingine anachagua vibaya huku akijua. Anatoa mimba. Anaendelea na masomo ya ualimu, na huko chuoni hata mwenye dhamana ya kumlinda anamtumia.

Baadaye anachoka. Anataka kuanza upya, na Charles, yule wa barua, anarudi katika maisha yake. Inaonekana kama mlango umefunguka. Lakini Charles anapoyajua yaliyopita, anamwacha. Rosa, aliyekuwa ameanza kujirekebisha, anajiona hana pa kwenda, na anajitoa uhai.

Kitabu hakiishii kaburini. Kezilahabi anatupeleka mbele ya Mungu, ambako baba na binti wanakutana tena, safari hii kwa mashtaka. Duniani Rosa hakuwahi kupata nafasi ya kumwambia baba yake alichomfanyia.

Kwa nini kilizuiwa?

Kitabu kilipotoka, vijana walikisoma kwa hamu. Wakubwa wengi walishtuka. Kilitaja waziwazi mambo yaliyokuwa yakisemwa kwa kunong'ona: wasichana wa shule kutembea na watu wazima, walimu kuwataka wanafunzi wao, utoaji mimba, unafiki wa watu wanaoheshimika. Kikazuiwa kutumika madarasani.

Tukumbuke wakati wenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka minne. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikuwa ndiyo dira ya shule zetu. Wasichana waliofika sekondari walikuwa wachache, na kila mmoja alibeba matumaini ya kijiji kizima. Kitabu kinachosema kwamba ndani ya shule hizo wapo watu wazima wanaowaharibu wasichana hao hakikuwa habari njema kwa mtu yeyote mwenye cheo.

Lakini zuio halikudumu. Baadaye Rosa Mistika iliingia katika orodha ya vitabu vinavyosomwa sekondari, hapa Tanzania na nchini Kenya. Kimeendelea kuchapishwa na kusomwa, na tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Jay Boss Rubin, imetolewa na Yale University Press nchini Marekani. Kitabu kilichoonekana hatari kwa wanafunzi kimekuwa kitabu cha kufundishia.

Mhusika mwenye kasoro ni mtu wa namna gani?

Wengi wetu tulikua na hadithi za bibi na babu. Tunaijua ile ya msichana aliyewakataa wachumba wote kijijini, akampenda mgeni mzuri wa sura, kumbe mgeni ni zimwi. Katika hadithi za namna hiyo watu wamegawanyika pande mbili. Mwema anapata thawabu, mbaya anaadhibiwa, na msikilizaji anaondoka na onyo lake mkononi.

Hadithi hizo zina kazi yake na hatuzidharau. Ila maisha ya kijana hayana pande mbili zilizonyooka namna hiyo. Binti huyo huyo anayemwongopea mama yake jioni ndiye anayeamka alfajiri kuchota maji bila kutumwa. Huyo huyo anayeongoza darasani ndiye aliyejibu ujumbe wa mwanaume asiyemfaa.

Riwaya kama ya Kezilahabi inamchukua mtu wa namna hiyo na kumweka katikati. Hicho ndicho wanafasihi wanachokiita mhusika mwenye kasoro. Ana makosa yake na ana sababu zake, na mwandishi anatuonesha vyote viwili. Makosa yakifichwa, tunabaki na malaika. Sababu zikifichwa, tunabaki na zimwi la kwenye hadithi ya bibi, na hakuna msomaji anayejiona katika zimwi.

Ndiyo maana vitabu hivi huwagusa vijana kuliko hotuba. Binti anayesoma habari za Rosa hasemi, "Mimi siko hivyo." Anasema kimoyomoyo, "Hapa hata mimi ningeweza kufika." Akishasema hivyo, onyo limeingia bila mtu kumnyooshea kidole.

Vitabu vingine vya Kiswahili vimefanya kazi hiyo hiyo. Said Ahmed Mohamed, mwandishi kutoka Zanzibar, aliandika Utengano, iliyotoka mwaka 1980. Humo yumo Maimuna, binti anayefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu mwenye mali na jina. Maimuna anatoroka, na nje anakutana na maisha ya ulevi na ya kuuza mwili. Kisiwa ni kingine na dini ni nyingine, lakini baba ni yule yule: anayedhani kufunga mlango ndiko kulea. Tofauti ni kwamba Maimuna hafi. Anapata mtu wa kumpokea, na anaanza tena.

Ukisoma vitabu hivi viwili pamoja, unaona tofauti kati ya mabinti hawa haitokani na ukubwa wa makosa yao. Inatokana na kama palikuwa na mtu wa kumpokea aliporudi.

Kosa la kwanza

Sasa turudi kwenye ile barua ya Charles, kwa sababu tunaamini hapo ndipo penye moyo wa kitabu.

Barua ilikuwa kosa dogo. Kama Zakaria angemwita binti yake, akamkalisha, akamuuliza huyu kijana ni nani na anataka nini, huenda kitabu kingekuwa na kurasa kumi. Alichomfundisha Rosa usiku ule ni jambo moja tu: ukikosea, nyumbani si mahali pa kusema. Somo hilo Rosa alilishika maisha yake yote. Alipotakwa na watu wazima hakusema nyumbani. Alipopata mimba hakusema nyumbani. Kila kosa lililofuata lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na kila mara alikuwa peke yake.

Wazee wetu walilijua hili. Walisema mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Kinaoshwa. Zakaria alikata.

Tunajua wapo watakaotujibu kwa methali nyingine: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, na hatusemi mtoto aachwe bila kuonywa. Ila kukunja kunahitaji mkono wenye kipimo, na samaki akivunjika hakuna methali ya kumuunga. Rosa alivunjwa mapema, kabla hajakosa jambo la maana, na akalelewa kwa kuogopa macho ya baba. Macho yalipokuwa mbali, hakubaki na kitu cha kumshika.

Namagondo na Singida

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Ukerewe ya zamani. Tuangalie hapa kwetu.

Wanafunzi wengi wa sekondari vijijini hutembea mwendo mrefu kwenda na kurudi. Shule isipokuwa na bweni, baadhi hupanga chumba karibu na shule, geto kama wanavyoita wenyewe, na kuishi humo bila mtu mzima. Binti wa miaka 15 anajipikia, anajipangia muda wa kulala, na unga ukiisha katikati ya juma anajua nyumbani ni mbali. Hapo ndipo anapojitokeza mwenye pikipiki wa kumpa lifti, mwenye duka wa kumkopesha, au mtu mzima anayejua fika kwamba binti huyo hana chakula. Chumba hicho cha kupanga ni sawa na bweni la Rosa: mahali ambapo fimbo ya nyumbani haifiki, na kama nyumbani palikuwa na fimbo tu, hakuna kingine kinachofika.

Wapo pia mabinti wanaomaliza darasa la saba na kuchukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dodoma, Arusha au Dar es Salaam. Nao wanaondoka na kile walichofundishwa nyumbani, kiwe kingi au kidogo.

Na ile barua? Leo haiji kwenye bahasha. Inaingia kwenye simu, mara nyingine simu ya mama mwenyewe, usiku watu wakiwa wamelala. Mzazi anaikuta asubuhi. Yale atakayoyafanya katika nusu saa inayofuata ndiyo Kezilahabi aliyoyaandikia kitabu kizima.

Sheria imebadilika, nyumba je?

Tangu Rosa Mistika ichapishwe, nchi imepiga hatua ambazo msikilizaji anapaswa kuzijua.

Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumwoa, akipatikana na hatia adhabu yake ni kifungo cha miaka 30 jela. Katika kitabu, wanaume waliomtumia Rosa wengi wao wanaendelea na maisha yao, na aibu inabaki kwa binti. Sheria ya leo inaiweka aibu mahali pake, mradi watu wakubali kutoa ushahidi. Kesi inayomalizwa kienyeji kwa mbuzi wawili na ahadi ya kumtunza mtoto inamrudisha binti pale pale Rosa alipokuwa.

Jambo la pili: kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba akiwa shuleni alifukuzwa, na huo ukawa mwisho wa masomo yake. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu hiyo wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Kuna pia njia ya elimu nje ya mfumo rasmi, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Hata hivyo, mlango wa shule ukifunguliwa na wa nyumbani ukabaki umefungwa, binti harudi shuleni. Anahitaji mtu wa kumwachia mtoto. Anahitaji baba asiyemtupia neno kila anaposhika daftari. Anahitaji mama anayekubali kuulizwa na majirani kisimani bila kuinamisha kichwa. Hayo hayamo kwenye waraka wowote wa serikali.

Pale tunapoweza kubishana na kitabu

Kusoma vizuri ni pamoja na kubishana. Msomaji wa leo anaweza kumuuliza Kezilahabi maswali mawili.

La kwanza ni kuhusu kifo cha Rosa. Wapo wanaoona mwandishi alimwadhibu, kana kwamba msichana aliyekosea lazima afe ndipo hadithi iishe. Wengine wanaona alitaka tushtuke, tuone ukatili wa jamii isiyosamehe. Sisi tunaelemea upande wa pili, kwa sababu Rosa anakufa akiwa tayari ameanza kubadilika. Kilichomuua ni kukataliwa wakati wa kurudi. Ila tungependa kijana anayekisoma aelewe vizuri: kifo hicho hakikuwa njia pekee iliyobaki. Kilionekana hivyo kwa sababu hakuna aliyekaa naye.

La pili ni kuhusu Charles. Anamwacha Rosa kwa sababu ya yaliyopita, lakini yaliyopita ya Charles mwenyewe hayapewi uzito huo. Kipimo kimoja kwa binti, kingine kwa kijana. Swali hili ni zuri kulijadili na watoto wa kiume. Riwaya hii huonekana kama kitabu cha wasichana, wakati wavulana ndio wanaoweza kujifunza mengi zaidi kutoka kwake.

Jinsi ya kukisoma nyumbani

Kitabu hiki hakiwafai watoto wadogo. Kinafaa vijana wa sekondari na kuendelea, na ni vizuri mzazi au mlezi akisome kwanza. Lugha yake si ngumu. Sentensi ni fupi, na aliyemaliza darasa la saba anakisoma bila shida. Kama macho hayaruhusu au kusoma hukuzoea, mwambie kijana akusomee kwa sauti jioni, kidogo kidogo. Hiyo nayo ni njia ya kuanza mazungumzo.

Mkishasoma, usianze na mahubiri. Anza na maswali. Ungekuwa Zakaria, ungefanya nini na ile barua? Regina angeweza kusema nini, na kwa nini hakusema? Ni wapi Rosa angeweza kugeuka, na nani alipaswa kuwa amesimama hapo? Halafu nyamaza usikilize. Kijana anayemzungumzia Rosa mara nyingi anakuambia habari zake mwenyewe au za rafiki yake, bila kulazimika kukiri.

Mabinti wengine hawawezi kusema haya na baba au mama, na hilo lisikukasirishe. Kwa mila zetu shangazi, bibi au mama mdogo alikuwa na kazi hiyo, na bado anaweza kuifanya. La muhimu ni kwamba awepo mtu mzima mmoja ambaye binti ana hakika naye.

Ukitaka nakala, uliza maktaba, waalimu wa Kiswahili wa sekondari iliyo karibu nawe, au maduka ya vitabu mjini Singida. Mara nyingi mwalimu ana nakala yake ya zamani na hatakataa kuazimisha kwa mtu anayerudisha.

Kama hali ni ya sasa hivi

Huenda unasoma makala hii na hali ya Rosa iko ndani ya nyumba yako, au ni yako mwenyewe. Mtoto anayenyanyaswa, au mtu anayejua mtoto anayenyanyaswa, anaweza kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na katika kata na halmashauri kuna maofisa ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii. Ukiona kijana amejitenga, hali chakula, anagawa vitu vyake au anasema afadhali asingekuwepo, usimwache peke yake. Kaa naye, muulize waziwazi, na umfikishe kituo cha afya. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitoa.

Na kwa mzazi ambaye ameshaikuta ile barua ya leo kwenye simu na hajui aanzie wapi, tunashauri hivi: subiri hasira ipoe, hata kama ni mpaka kesho. Kisha mwite binti, mkae, umuulize, "Huyu ni nani?" Uliza kwa sauti ambayo itamfanya arudi kwako na jibu la swali la pili pia, na la tatu. Zakaria hakuuliza hata la kwanza.